Mwalimu na Bustani ya Saruji

Mwalimu hakupenda maua. Waliomjua kwa mbali hawangeniamini, kwa maana miaka nenda miaka rudi walimwona akizunguka katika bustani ya chuo, kofia ya sufi kichwani na gambuti miguuni, akiinama hapa, akisimama pale, kama mtu aliyeangusha sindano. Lakini mimi nilikuwa jirani yake. Siku mwanafunzi mmoja alipomletea waridi lililopandwa kwenye mkebe wa rangi, alimshukuru vizuri, akamsindikiza hadi langoni, kisha akalichukua waridi na kuliacha nyuma ya jiko, kwa kuku.

"Maua yanapiga kelele," aliniambia, akifuta mikono kwenye leso. "Mimi napenda mahali pametulia."

Chuoni kwetu sote tulikuwa walimu, na tuliowafundisha walikuwa walimu wa kesho. Hata hivyo, ukitamka "Mwalimu" peke yake, bila jina wala somo, kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa amefundisha uchoraji mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akabaki katika nyumba ndogo chini ya chuo, ng'ambo ya ua wa michongoma uliotenganisha boma lake na nyumba niliyopewa mimi nilipoletwa kufundisha Kiswahili. Mimi ni mtu wa ziwani, na Ekegusii changu, lugha ya Wakisii wenyeji, kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo alinisemesha Kiswahili, Kiswahili cha huku kwao, kilichojaa "hii" na "iko", na ninakiri kwamba nilikielewa upesi kuliko kile nilichokisahihisha kwa kalamu nyekundu mchana kutwa.

Chuo kilikuwa kilimani, upande wa Ekerenyo. Kilijengwa katika ile miaka ya baada ya Uhuru, nchi ilipokuwa ikijengwa kila pembe kwa pamoja. Aliyepanga uwanja wake hakutaka bustani kama zile za walowezi, zenye waridi na nyasi zinazonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Alifanya kazi kwa saruji, maji na kivuli. Juu, mbele ya maktaba, aliweka kiwanja cha mviringo na kukizungushia ukuta wa matofali yenye matundu. Asubuhi, ukungu ulipopanda kutoka mashamba ya chai, ulipenya kwenye matundu yale vipande vipande, na mtu aliyesimama upande wa pili alionekana kama mtu unayemkumbuka tu. Kutoka hapo ngazi pana zilishuka polepole hadi kwenye kidimbwi kilichopinda kama figo, ambacho sakafu yake ilitandazwa mawe laini ya kuchongwa kutoka Tabaka, meupe na ya rangi ya waridi. Kando ya kidimbwi palikuwa na kiti cha saruji kisicho na mgongo, kirefu hivi kwamba darasa zima lingeketi na nafasi ikabaki.

Nilipofika mimi, kidimbwi kilikuwa kikavu na wanafunzi walianika nguo kwenye ukuta wa matundu. Hakuna aliyepaita bustani. Watu walisema tu "pale juu" na "pale chini".

Siku ya kwanza Mwalimu kuniita ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Nilisikia sauti kutoka ng'ambo ya michongoma kabla sijaona mtu.

"Wewe jirani! Uko na mikono miwili?"

"Ninayo, Mwalimu."

"Basi kuja. Leta yote."

Akanikabidhi ncha ya tepu ya kupimia, akaniamuru nisimame kwenye kona ya kiti kile na nisisogee. Yeye akapotea ukunguni na ncha ya pili. Nilibaki nimeshika tepu iliyokaza kisha ikalegea, ikakaza tena, kama mtu anayevua samaki asiyemwona, na sauti yake ikawa inanijia kutoka mahali nisipopajua: "Shika vizuri! Usipumue!" Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai jikoni kwake, nilimwuliza tulikuwa tukipima kwa ajili ya nani.

"Ramani ya kwanza ilipotea," alisema. "Nimeuliza ofisini, nimeuliza Kisii, nimeuliza mpaka Nairobi. Hakuna mtu anajua iko wapi. Yule aliichora, hata jina yake hatuna. Sasa hii bustani ikivunjwa leo, jirani, itakuwa kama haikuwahi kuwa."

"Nani atakayeivunja?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali zuri mapema mno. "Si mtu mmoja. Leo wataweka tangi hapa. Kesho wataweka choo pale. Halafu watasema, hapa hakukuwa na kitu."

Tangu siku hiyo nikawa mshika tepu. Tulipima ngazi, kuta, mistari ya miti, hata vivuli. Alitaka kujua kivuli cha ukuta wa matundu kinafika wapi jua likichomoza na kinafika wapi likielekea ziwani. Vyote alivichora kwenye karatasi kubwa alizozitandaza juu ya meza ya kulia, akazikandamiza kwa chupa ya chai, Biblia, kiatu na chochote kilichokuwa karibu. Michoro yake ilikuwa safi mno. Ungeitazama kwa muda ukadhani unaelea juu ya chuo kama mwewe, siku ambayo watu wote wamehama.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa tepu wala penseli. Baada ya ibada alikuja bustanini na gauni lake la kanisa, mikono mgongoni, akatembea polepole juu ya ngazi. "Kuangalia si kazi," alisema. Lakini Jumamosi moja nilimkuta akipita kando ya kidimbwi, midomo ikichezacheza.

"Mwalimu, unahesabu hatua?"

"Ninaimba," alisema, na ili asiwe amesema uongo siku ya Sabato, papo hapo akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti, akanipita akiendelea, akazunguka kidimbwi chote mpaka ubeti wa mwisho.

Na mwanamke huyu aliyezungumzia mstari ulionyooka kama wengine wanavyozungumzia wokovu alikuwa na boma lililonishinda kueleza. Migomba iliota ilipotaka. Mboga za managu zilichipuka katikati ya njia. Njia yenyewe ilizunguka kisiki ambacho angeweza kukitoa miaka mingi iliyopita, na lango lilifungwa kwa soksi. Nilipomtania alijibu bila haya, "Nyumbani ni nyumbani. Pale ni pale." Sikuelewa alichomaanisha, na sikuuliza.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na mparachichi. Mti huo ulijiotea katikati ya kiwanja cha mviringo, pengine kutokana na kokwa iliyotupwa na mwanafunzi, ukakua ukapasua saruji na kuharibu kile alichokiita pumzi ya mahali. Aliuchukia. "Huyu hakualikwa," alisema kila tulipoupita. Hatimaye alipata ruhusa ya kuukata. Mtunza uwanja akaja na shoka asubuhi moja, nami nikaenda kutazama.

Chini ya mti alikuwa ameketi mama mmoja aliyezoea kuleta ndizi katika jiko la chuo. Alikuwa ametua mkungu wake kwenye ukuta na kunyoosha miguu. Mwalimu akamwambia kwa Ekegusii asogee kidogo, mti unakatwa. Mama hakubisha. Alisimama, akauweka mkungu sawa, kisha akauliza jambo kwa upole kabisa, na mtunza uwanja akanitafsiria kwa kunong'ona: "Anauliza, sasa yeye atakuwa akipumzika wapi."

Mwalimu alitazama kiwanja, akatazama juu kwenye matawi, akatazama madoa ya utomvu wa ndizi kwenye nguo ya yule mama. Ukungu ulikuwa ukitupita taratibu. Tulisimama pale hata nikahisi kama sote wanne tumechorwa. Mwishowe akamwambia mtunza uwanja, "Rudisha shoka." Akaondoka mbio mbio kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

Jioni hiyo nilimkuta mezani. Alikuwa ameuchora mparachichi kwa mistari ya nukta nukta, kama kitu kisicho na uhakika. Wiki iliyofuata nukta zilikuwa zimeunganishwa. Na chini ya mti alikuwa amemchora mama mmoja, miguu ameinyoosha, mkungu wa ndizi kando yake. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuingia katika michoro ile.

Baada yake waliingia wengi. Mwalimu alianza kuwasimamisha watu na kuwauliza walikuwa wakifanya nini mle bustanini. Mchungaji mmoja alimwonyesha ngazi alipomwomba mke wake amkubali, na mke, aliyekuwepo, akasema si hiyo, ni ile ya chini yake. Mwalimu akazichora zote mbili na kuandika kando, "Hawakubaliani." Kijana wa bodaboda kutoka Ekerenyo, ambaye pia alipiga picha za arusi, alimwambia, "Madam, hapa ni fiti sana. Maharusi wote wanataka hapa, kwa hii ukuta iko na mashimo. Jua inawamwagikia kama pesa." Mwalimu akamwuliza huwa anawasimamisha wapi hasa, akapachora. Akachora kwaya, waliofua, waliosoma kwa mtihani, waliolala mchana. Michoro ikawa imejaa, na niliipenda zaidi, ingawa yeye alilalamika kwamba sasa mistari haionekani.

Kisha Mkuu wa chuo akaja.

Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akafungua ile soksi ya langoni na kukaa jikoni kati ya kuku. Alikuwa amefundishwa na Mwalimu zamani, na bado alikuwa akimwogopa kidogo. Nami nilikuwepo, nikataka kuondoka, wakanizuia wote wawili.

"Mwalimu, sitakuficha," alisema. "Wasichana wanalala wawili wawili kitandani. Wengine wako kwenye korido. Tumepata msaada wa kujenga hosteli, na ardhi iliyo sawa ni ile tu ya bustani. Bodi imekubali."

Nilimtazama Mwalimu, nikingoja alipuke. Aliuliza tu, "Wawili kitanda moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hii mvua yetu?"

"Korido inavuja."

Alikoroga chai yake kwa muda mrefu ingawa hakuwa ameweka sukari. "Basi lazima walale," alisema. "Huwezi kumwambia mtoto wa mtu alale kwenye maji kwa sababu kuna ukuta mzuri." Halafu akakiweka kijiko chini. "Lakini isiwe yote. Mimi naomba. Isiwe yote."

Mkuu alikwenda akazungumza na wachoraji wa jengo. Alirudi baada ya siku kadhaa akiwa na habari: wangeweza kulisogeza jengo lichukue nusu tu. Ama kiwanja cha juu, ama kidimbwi na ngazi za chini. "Na kwa sababu hakuna anayepajua kama wewe," alisema, "tumeamua uchague wewe."

Sijawahi kumwona mtu akipewa zawadi nzito namna hiyo. Kwa siku nyingi baadaye Mwalimu hakupima chochote. Alikaa tu. Asubuhi alikaa juu, mchana alikaa chini, akiwa na chupa ya chai na mwavuli mweusi. Sote tuliamini angechagua juu. Ukuta wa matundu ndio uliopigwa picha na wageni. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kutoka Nairobi wakaushika kwa mikono kama wanaomgusa ng'ombe wa maonyesho. Na juu ndipo ulipokuwa ule mparachichi aliouokoa.

Siku ya mkutano wa bodi aliingia na gauni la kanisa. Alibandika michoro yake ukutani, pande zote mbili za bustani, akaiacha bodi iitazame. Wazee wawili wa bodi walijitafuta wenyewe kwenye ngazi wakajiona, wakaanza kucheka kwa sauti za chini.

"Chukueni juu," akasema.

Mkuu alidhani hakusikia vizuri. "Juu, Mwalimu? Ukuta?"

"Juu nimeshachora. Yule anataka kuijenga tena siku moja, ataweza, kila tofali iko hapa. Chini sijaweza. Nimejaribu sana. Pale watu wanakaa tu, na kukaa hakuchoreki." Akaanza kuibandua michoro, akijishughulisha nayo ili asitutazame. "Kwa hivyo chini ibaki."

Juu palivunjwa siku ya mvua. Mparachichi ulikuwa umezaa, na Mwalimu alihakikisha kila tunda limechumwa kwanza. Alimpelekea yule mama wa ndizi gunia zima nyumbani kwake, na sijui walizungumza nini, maana alirudi macho mekundu na hakutaka kuulizwa. Ukuta ulipoanguka haukutoa mshindo niliotarajia. Ulijikunja, kama mtu mzima anayepiga magoti. Vumbi likapanda, mvua ikalishusha. Mwalimu alivua kofia yake ya sufi, akaishika kifuani, na hapo ndipo nilipoziona nywele zake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Zilikuwa nyeupe kabisa. Mvua ilizilowesha mpaka Mkuu wa chuo akaja na kumfunika kwa koti lake mwenyewe, wakasimama hivyo, mwalimu na mwanafunzi wake, mpaka tofali la mwisho.

Hosteli ilijengwa. Si jengo baya. Wasichana walipohamia walijitolea, pasipo kuombwa na mtu, kusafisha kidimbwi, na fundi wa bomba akayarudisha maji. Nakumbuka jioni moja baada ya mvua ya mawe, nikitoka darasani, nilipita pale nikadhani nimo ndotoni. Barafu ilikuwa bado nyeupe nyasini. Mawe ya Tabaka yalikuwa yameiva rangi ndani ya maji. Kwenye kiti kile kirefu walikaa wasichana wengi, nywele zimelowa, wengine wamesukana, wengine wamelaliana mapajani, na mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye saruji kana kwamba kiti chenyewe kilikuwa hai na kinapumua. Mwalimu alikuwa amesimama mbali kidogo na mwavuli wake. Hakuwa na karatasi. Aliponiona alinipungia mkono niende zangu, nisiwashtue.

Baadaye nilihamishiwa Kenyenya, na miaka ikapita kwa kazi. Nilisikia kwamba michoro ilinakiliwa na nakala zikapelekwa Nairobi, mahali zinapohifadhiwa ramani za majengo ya zamani. Nikasikia pia kwamba Mwalimu amedhoofika miguu, na binti yake, anayefanya kazi katika kiwanda cha chai Itumbe, amemchukua akae naye. Kutoka Kenyenya si mbali. Nikaenda Jumapili moja alasiri.

Nilimkuta amekaa nje, juu ya gunia lililotandikwa kwenye nyasi, mteremko wa chai ukianzia miguuni pake na kuishia mawinguni. Alikuwa amepungua sana. Lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Jirani. Umenenepa."

Nikamweleza habari za Nairobi, jinsi vijana wanavyokwenda kuitazama michoro na kuinakili kwa ajili ya masomo yao, na jinsi wanavyotafuta bustani nyingine za miaka ile kabla hazijapotea. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa mbali.

Nikajipa moyo nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza miaka yote niliyoshika tepu. Kwa nini pale? Kwa nini saruji ile, ya mtu asiyemjua hata jina?

Harufu ya chai inayokaushwa ilikuja kutoka kiwandani, ikakaa kidogo, ikapita.

"Mama yangu sikuwahi kuona amekaa," alisema. "Akikaa, ni kumenya, au kupepeta, au kunyonyesha mtoto. Sisi wote tulikuwa hivyo. Ukikaa bure, unaitwa. Basi nikafika chuo, msichana tu, nikaona kile kiti. Nikauliza mwenzangu, hapa wanafanya nini? Akasema, hapa wanakaa. Nikamwuliza, wanakaa wakifanya nini? Akanicheka." Yeye mwenyewe akacheka kidogo. "Jioni nikaenda peke yangu. Nikakaa. Jirani, niliogopa sana. Nilingoja mtu aje aniite. Nikangoja, nikangoja. Hakuna mtu alikuja. Nikaona maji. Nikaona mawingu iko ndani ya maji. Nikasema, kumbe kuna mtu alifikiria hii. Mtu alikaa chini akafikiria mahali ya mtu kama mimi kukaa."

Mawingu yalikuwa yakishuka juu ya chai, safu baada ya safu.

Binti yake alitokea njiani, ametoka zamu, vumbi la chai limemjaa kwenye nyusi na mikononi. Alinisalimia kwa heshima, akaelekea moja kwa moja jikoni.

"Kuja hapa kwanza," Mwalimu akamwita.

"Baba," alijibu binti, kama Wakisii wanavyowaita mama zao, "ng'ombe hajakamuliwa. Na mgeni hajapata chai."

"Ng'ombe iko. Mgeni pia iko. Kuja."

Alikuja, akakaa pembeni mwa gunia, mguu mmoja umekunjwa tayari kuinuka. Mwalimu alimpangusa tu vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya leso. Taratibu ule mguu ukanyooka. Kichwa cha binti kikaegemea bega la mama yake, kikateleza kidogo, kikatulia, na pumzi zake zikawa nzito.

Nilitaka kusema kitu, pengine kuaga. Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Ng'ombe akalia mara moja huko zizini, akanyamaza. Hakuna aliyeinuka.